Kabla hujauza hiyo Datsun kwa kilo

Kama kwenu ushago kuna gari lililokufa nyuma ya boma, acha kuskroli dakika kumi hivi unisikize. Najua unalijua hilo gari. Kuku hutaga kwenye kiti cha nyuma, watoto wameng'oa redio, na kila Desemba mkikutana kuna mjomba mmoja husema, "Hii takataka itolewe hapa." Usiharakishe kukubaliana naye.

Letu ni Datsun 160J ya sokoro. Kama wewe si wa kwetu, sokoro ni babu. Aliinunua mwaka 1983 ikiwa imetumika, bonasi ya chai ilipoingia vizuri, kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kisumu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kijijini kwetu, nje kidogo ya Kebirigo, kaunti ya Nyamira, watu walijua saa kwa mlio wa gari lake. Liliacha kutembea 2008. Sokoro akafariki 2019. Mimi nikaacha chuo 2021, mwaka wa pili, na hapo ndipo mimi na hilo gari tulipokutana: vitu viwili ambavyo familia haikujua ivifanyie nini.

Mizani ya vyuma

Acha nikueleze hali ya nyumbani kwanza, usije ukadhani nilienda pale kwa mapenzi ya magari. Tata alikuwa ameuza ng'ombe wawili kunilipia karo. (Kwa Ekegusii tata ni baba mzazi, na "baba" ni mama. Kwa hivyo Mgusii akikuambia baba yuko jikoni anapika, usianze kumsifu mzee.) Pesa hizo hazikufika chuoni zote. Zingine zilinunua kamera, zingine zikaishia kwa maisha ya Kisii mjini ambayo siwezi kuyaandika hapa, mathe husoma hii tovuti. Tata alipojua, hakunichapa wala hakufoka. Alinyamaza tu. Mzazi anayefoka unaweza kumwomba msamaha. Anayenyamaza utaanzia wapi?

Januari 2022 wazee wakakaa kikao cha familia, wakakubaliana Datsun iuzwe kwa mtu wa vyuma chakavu. Jamaa alikuwa wa Keroka, bei yake Sh30 kwa kilo. Akaikadiria kwa macho, akasema itafika Sh27,000 hivi. Angekuja Jumamosi na lori na mizani.

Hakuja. Unakumbuka Januari hiyo nchi nzima ilikaa giza baada ya minara ya laini ya umeme ya Kiambere–Embakasi kuanguka? Serikali ilisema vyuma vya minara vimehujumiwa, na Januari 20 Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kote nchini. Yaani watu waliharibu stima mbali huko, gari la sokoro likapona Nyamira.

Nikamwendea baba mdogo, ndiye aliyekuwa na haraka zaidi. Nikamwambia: nipe hadi marufuku iishe. Likiwaka, linabaki. Lisipowaka, nitalipakia kwenye lori kwa mikono yangu. Alicheka hadi akakohoa. Tata hakusema kitu. Lakini kesho yake asubuhi nilikuta ufunguo wa gari juu ya meza, kando ya chai yangu.

Kwa nini hizi ndai za Kijapani?

Utaniuliza, Datsun iliyoliwa na kutu ina maana gani kwa kijana wa 2022 anayeota Subaru? Nilikuwa mjinga kama wewe. Ilibidi nisome.

Kumbe hizi gari zilijengewa jina lake hapa kwetu. Mwaka 1970 Datsun 510 ilishinda Safari Rally ikiendeshwa na Edgar Herrmann. Mwaka uliofuata Herrmann akarudi na 240Z, ile ya boneti refu yenye silinda sita, akashinda tena. Mwaka 1973, Safari ilipoingia kwenye mashindano ya dunia, Shekhar Mehta alimaliza akilingana pointi na Harry Källström, wote wakiwa kwa Datsun. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikuwa amepoteza pointi chache zaidi mapema.

Mwaka 1974 akaja Joginder Singh na Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo ambalo wazungu hawakulihesabu, akaipiga Porsche 911 ya Björn Waldegård. Akashinda tena 1976, na mwaka huo Lancer zikachukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Na unajua Joginder alizaliwa wapi? Kericho, mwaka 1932. Jirani yetu hapo tu, ukishamaliza chai ya Nyamira unaanza ya kwao.

Halafu sasa shika hii. Kuanzia 1979 hadi 1982, Shekhar Mehta alishinda Safari mara nne mfululizo. Alikuwa anaendesha nini? Datsun Violet, ambayo watu wa hapa waliijua kwa jina la 160J. Gari la familia moja na lile ambalo kuku wetu walikuwa wanatagia.

Nilisoma hayo usiku, kwenye chumba changu cha kukodi Mwembe, nikawa kama mtu aliyegundua mlevi wa kijijini aliwahi kuchezea Harambee Stars.

Kuna sababu nyingine ya kutofanya haraka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka minane. Marekani ni kinyume kabisa: gari la nje ambalo halikutengenezwa kwa sheria zao lazima lingoje miaka 25 ndipo liruhusiwe, na likifika umri huo wanalikimbilia. Ndiyo maana Skyline GT-R ya 1989 ilipanda bei ilipotimiza umri wake 2014. Sisi mlango unafungwa mapema. Hizi Datsun, Celica, Lancer na Corolla za nyuma zilizobaki vijijini ndizo hizo tu. Kila moja inayokatwa kwa gesi ikapimwa kwa kilo, haina badala.

Omogaka na funguo namba kumi

Mimi nilijua kupiga picha za harusi na mazishi. Injini sikujua hata mafuta yanamwagwa wapi. Jua kali ya Kisii nilizunguka siku nzima, na kila fundi kijana niliyemwambia "kabureta" alinitazama kama nimemtajia mashine ya kusaga wimbi. Wanajua Probox, na wanaijua kweli kweli: mjini hapa Probox hubeba abiria hadi kwenye buti na bado inapanda mlima. Lakini Probox ilitoka 2002, injini yake huendeshwa na kompyuta. 160J haina kompyuta. Ina skrubu.

Mwishowe nikaelekezwa kwa mzee mmoja, miaka sitini na kitu, nyuma ya duka la welding. Namwita Omogaka tu, kwa heshima. Nikamwonyesha picha kwa simu. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu.

"Mmejaribu kuiwasha?"

"Bado."

"Mbuya mono. Mungu amewasaidia."

Hilo ndilo somo la kwanza, na nakupa bure: gari lililolala miaka kumi na nne usilipige stata. Ukilazimisha, ringi zilizoshikana na silinda zitavunjika, na hapo kazi ya elfu kumi inakuwa ya laki. Tulichofanya ni hiki. Tulitoa plagi zote nne. Tukamwaga oili kidogo kwa kila tundu, tukaacha wiki nzima. Kisha Omogaka akaweka spana kwenye nati ya puli ya mbele na kuizungusha kwa mkono, polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Mara ya kwanza haikusonga. Tukaongeza oili, tukaacha siku nne. Mara ya pili ikasonga upana wa kidole. Nikaruka juu nikipiga kelele. Yeye akasema, "Tulia, hata hatujaanza."

Tangi la petroli lilikuwa limejaa kutu na kitu kinachonuka kama rangi mbovu. Tulilishusha, tukaweka kokoto na mnyororo ndani, tukalitikisa kwa zamu hadi mikono ikafa ganzi. Kabureta ilifunguliwa yote kwenye sinia ya magokoro, na kila kitobo kikapulizwa. Raba zake nilizipata Nairobi, barabara ya Kirinyaga, baada ya kuingia maduka kumi na moja. Pointi za distribyuta zikasuguliwa.

Machi tukajaribu kuwasha. Mimi ndiye niliyerudisha waya za plagi, na nilizirudisha kwa mpangilio wa moja, mbili, tatu, nne, kama mtu mwenye akili. Injini hiyo huwaka moja, tatu, nne, mbili. Ilitoa mlipuko kwenye egzosi ambao ulimleta naibu wa chifu mbio kutoka kwenye baraza. Kuku mmoja hakuwahi kurudi. Baba mdogo alikuja kusimama kwenye ua, mikono nyuma, akauliza kama lori liitwe mapema.

Tukapanga waya upya. Ikawaka, lakini ikawa inakohoa moshi mweusi na plagi zinajaa masizi. Nikadhani imekufa. Omogaka akanieleza: nyanda za Gusii ziko juu, Kisii mjini penyewe ni karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Kebirigo unapanda zaidi. Huku hewa ni nyepesi. Kabureta haijui hilo, inaendelea kumimina petroli ile ile kwa hewa iliyopungua. Akakaza skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko, akasikiliza, akakaza kidogo tena. Kelele ikageuka ikawa mngurumo. Magokoro alitoka jikoni bila viatu. Alisema jina la sokoro, akarudi ndani.

Hiyo ilikuwa Aprili. Marufuku ya vyuma iliondolewa Mei. Yule jamaa wa Keroka alikuja kweli, akapata injini inanguruma, akalizunguka gari mara mbili, akasema, "Hii nayo si yangu," akaomba chai.

Kutu, na wamama wa Tabaka

Kuwasha ni furaha, lakini kazi halisi ni bodi. Chuma cha magari ya Kijapani ya miaka ya sabini kilikuwa chembamba, na Gusii mvua ni kama salamu, hunyesha karibu kila alasiri. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imebaki zulia tu. Ukikanyaga breki unaweza kugusa Nyamira yenyewe.

Hapa ndipo wengi huharibu. Fundi atakuambia atajaza pati na kupaka rangi, wiki moja umemaliza. Pati juu ya kutu ni kama mafuta mazuri juu ya mtu asiyeoga. Kutu inaendelea kula ndani, na baada ya misimu miwili ya mvua rangi inavimba kama chapati. Kata sehemu iliyooza hadi ufike kwa chuma kizima, chomelea bati jipya, ndipo uongee mambo ya pati, nyembamba tu.

Msasa nilijifunzia mahali usipotarajia. Nilikuwa nimeenda Tabaka kupiga picha za wachongaji wa mawe ya sabuni, nikawakuta wamama wamekaa na karai za maji, wanasugua vinyago kwa msasa. Wanaanza na ule mkali, wanaendelea na laini, maji muda wote, hadi jiwe linang'aa. Nikamwonyesha mama mmoja picha ya mlango wa gari wenye mikwaruzo. Akacheka, akaniambia tatizo langu nasugua nikiwa na hasira. "Usiusukume mkono. Uache mkono uende na maji." Nilirudi Kebirigo nikasugua praima kwa maji, msasa juu ya msasa, siku kumi na mbili. Omogaka alipopitisha kiganja juu ya boneti hakusema kitu, na kwa Omogaka hiyo ni shahada.

Tuongee doo

Sitakudanganya, kwa sababu wengi mtandaoni wanakudanganya. Kwa miaka miwili nimetumia takriban Sh118,000. Haikutoka mara moja. Harusi moja ni raba za breki, mazishi mawili ni bati la sakafu, siku za fundi nalipa Sh1,000 nikiwa nayo, na nisipokuwa nayo namsaidia Omogaka kazi zingine kwa karakana. Sina gari la kung'aa la kupeleka kwenye Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, ambako majaji hukagua hadi chini ya gari na ndani ya buti. Nina gari linalowaka, lenye sakafu, na lenye rangi ya praima ya kijivu.

Ukitaka kuanza, haya ndiyo ningependa mtu angeniambia.

Chagua gari ambalo wazee wako walilijua. Datsun, Corolla za zamani, Lancer. Vipuri vyake bado vinazunguka Kirinyaga Road na Kibuye kule Kisumu, na kuna mafundi wazee waliozishika. Ukijiletea kitu cha ajabu kwa sababu ulikiona kwenye filamu, utakiangalia tu.

Angalia kutu kabla ya injini. Injini hutengenezeka. Bodi iliyooza hadi kwenye nguzo zake achana nayo.

Breki kwanza, mbio baadaye. Sahau kabisa kuwasha moto kwenye barabara ya Kisii kwenda Keroka ili mbogi ikuone. Hizo gari hazina mikoba ya hewa, mikanda yake ni ya zamani, na ile barabara imezika vijana wa kutosha. Ukitaka mbio nenda autokrosi, uvae helmeti.

Tafuta mzee. Mafundi wanaojua kabureta wanapungua, na ujuzi huo hauko kwa video zote. Mwingine uko kwenye sikio la mtu wa miaka sitini, na akienda umeenda.

Na la mwisho ndilo kubwa: shika makaratasi kabla ya kushika spana. Mimi sikushika, na sasa nitakuambia lilichonigharimu.

Gari likiwaka, kila mtu ni ndugu

Niliweka picha mtandaoni. Mtu wa Nairobi akaniandikia anatoa Sh350,000, kama lilivyo. Kosa langu nilimwonyesha binamu yangu huo ujumbe. Kufikia jioni ukoo wote ulikuwa unajua.

Gari lililokuwa takataka ya Sh27,000 likawa urithi. Shangazi aliyeolewa Borabu akapiga simu, wa Mombasa akapiga, baba mdogo akakumbuka kwamba sokoro alimwahidi gari hilo mwaka 1996. Likiwa limekufa kila mtu alikuwa na ruhusa ya kulitupa, na sasa linawaka kila mtu ana fungu. Na unajua kibaya ni nini? Walikuwa na haki. Logibuku ni ya sokoro. Sheria haijui nilisugua siku kumi na mbili. Gari la marehemu haliwezi kuhamishwa jina NTSA bila hati ya mahakama ya kusimamia mirathi, na hatukuwa tumewahi kuitafuta. Kwa hivyo sikuwa na gari. Nilikuwa na kazi niliyofanya juu ya mali ya watu tisa.

Usiku huo nilitaka kuling'oa kabureta niondoke nayo. Sijivunii kusema hivyo.

Aliyemaliza maneno ni tata. Kwenye kikao alisimama, mtu ambaye alikuwa amekaa miaka miwili bila kuniongelesha zaidi ya "kula" na "funga mlango", akasema gari haliuzwi mpaka mirathi ifanywe kwa njia yake, na kwamba atakayelitaka baadaye amrudishie kijana pesa zake kwanza, kwa risiti. Nilikuwa na risiti. Za chuo sikuweka hata moja, za Datsun ninazo zote, kwenye mkebe wa majani ya chai. Ombi liko mahakamani sasa, tata akiwa msimamizi. Sijui litaisha likielekea kwangu au Nairobi. Kwa hivyo hadi leo halijagusa lami. Linatoka kwenye migomba hadi getini, na kurudi.

Desemba iliyopita nililiwasha jioni moja, mvua ikiwa imeacha. Nilipofika getini mlango wa kushoto ulifunguka, tata akaingia akakaa. Alishika dashibodi kwa viganja vyote viwili. Nilikanyaga klachi, nikatia gia, gari likaruka kama mbuzi na kuzima.

"Hiyo klachi," akasema, "unaikanyaga kama mtu anayeua nyoka. Toka hapo nikuonyeshe."

Nikatoka. Tukabadilishana viti.